Biryogo: Mtaa Ulivyoanza na Unavyogeuka

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Katika mji wa Kigali, njiani kwenda Nyamirambo, upo mtaa uitwao Biryogo. Mtaa huo hauna ngome ya kale wala jumba la wafalme, na nyumba zake nyingi zilijengwa kwa matofali mabichi na kuezekwa mabati. Hata hivyo ni nadra kumpata Mwislamu wa Rwanda asiyelijua jina lake, kwa kuwa hapo ndipo dini yake iliposhika mizizi katika nchi. Siku hizi mtaa huo unageuka mbele ya macho ya wenyewe. Wapo wanaofurahi, wapo wanaohuzunika, na walio wengi wana furaha na huzuni katika kifua kimoja. Yafaa basi habari zake ziwekwe katika kijitabu hiki cha ukumbusho, ili watoto wajue wazee wao walifikaje hapo, na wazee nao wapime ni kitu gani hasa wanachokiogopa kukipoteza.

MWANZO WA MTAA

Mji wa Kigali si mji mkongwe. Uliasisiwa mwaka 1907 na Richard Kandt, Mjerumani aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya Kijerumani katika Rwanda. Baraza la Mwami lilikuwa Nyanza, lakini Kandt alikichagua kilima cha Nyarugenge, kilicho karibu na katikati ya nchi. Wakati ule Rwanda ilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo makao yake makuu yalikuwa Dar es Salaam, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi baina ya watawala na watumishi wao.

Pamoja na Wajerumani walifika askari, makarani, wapagazi na wachuuzi kutoka pwani na kutoka miji ya bara. Wengi wao walikuwa Waislamu. Wakafika pia wafanyabiashara Waarabu na Wahindi, wakafungua maduka. Watu hao hawakuwa na shamba wala ukoo katika nchi ile ya wakulima na wafugaji. Mali yao ilikuwa mizani ya duka, kalamu ya karani, cherehani, na sala zao tano. Wakaoa wake wa Kinyarwanda, wakazaa, na wenyeji waliosilimu wakakaa karibu nao. Mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa kwanza, Masjid al-Fatah. Kwa hiyo miaka 6 tu baada ya mji kuasisiwa, msikiti ulikuwa umekwisha simama ndani yake. Waislamu si wageni waliokuja Kigali baadaye. Wao ni miongoni mwa walioanza nayo.

Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakaondoka na Wabelgiji wakaingia. Watawala wapya hawakuwapenda watu hawa waliozungumza lugha ya watawala wa kwanza na kufuata dini isiyokuwa ya misheni. Waislamu wakatengewa mahali pao pa kukaa, pakaitwa kambi ya Waswahili. Mkazi wa kambi hakuwa huru kwenda atakako: alitakiwa awe na idhini. Neno lenyewe Mswahili likaacha kuwa jina la watu wa pwani, likawa jina la kila Mwislamu, kisha likashuka zaidi likawa tusi, maana yake mtu mjanja asiyeaminika. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma mara nyingi alitakiwa aiache dini yake kwanza. Wazee wakaona ni heri mtoto akose cheti kuliko akose shahada ya imani. Wakamsomesha Qur'ani chuoni, kisha wakampeleka sokoni na gereji. Ndiyo sababu kwa muda mrefu Waislamu wa Rwanda wakajulikana kwa udereva, ufundi wa magari, ushoni na biashara ndogondogo, na si kwa kazi za ofisini.

Hivyo basi asili ya Biryogo ni uzio. Hakuna aliyeuchagua. Lakini watu waliozungushiwa uzio mmoja hujifunza kuishi pamoja. Ua mmoja ulikuwa na vyumba vingi, na katika vyumba hivyo walikaa Mhutu na Mtutsi, Mmanyema na Mnyamwezi, kila mmoja akiazima chumvi kwa mwenziwe. Mtoto alichapwa na mzee yeyote aliyemwona akikosa, na baba yake akashukuru. Jeneza lilipotoka hakuna aliyeuliza kabila la maiti. Watu waliuliza tu ni saa ngapi watakwenda kuzika.

UZIO UKAWA NYUMBANI

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Kigali, mji mdogo wa watu wapatao 6,000, ukafanywa makao makuu ya nchi. Mwaka 1964 Waislamu wakaunda jumuiya yao iliyotambuliwa na serikali. Zile amri za kambi zikawa zimepita, na mtu aliyetaka kwenda kukaa kwingine aliweza kwenda. Lakini wengi walibaki. Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia: mahali walipowekwa kwa amri ya mtawala, walipaendelea kupakaa kwa hiari yao. Yaliyowashika sasa ni msikiti, chuo, majirani na makaburi ya wazee wao, na mambo hayo hushika kuliko sheria.

Thamani ya ujirani ule ilionekana mwaka 1994, kuanzia mwezi wa Aprili, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo yaliangamiza watu wapatao milioni moja. Haifai kudai kwamba kila Mwislamu alitoka na mikono safi. Wapo waliouawa, na wapo walioua, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Lakini imethibiti kwa ushahidi wa watu wengi, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, kwamba katika Biryogo na Nyamirambo watu wengi walifichwa majumbani na misikitini, na kwamba waliowaficha walihatarisha roho zao. Waliofichwa hawakuwa wageni machoni pa waliowaficha. Walikuwa watoto wa ua uleule, wateja wa duka lilelile, na wake wa ndugu zao. Mlango ulifunguliwa usiku kwa sababu ulikuwa umezoea kufunguliwa mchana. Baada ya msiba ule watu wengi walisilimu, na baadhi yao walieleza kwamba sababu ni mambo waliyoyaona kwa macho yao.

Miaka ikapita, heshima ikaongezeka. Idi ikawa sikukuu ya taifa. Mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lugha iliyokuwa alama ya kambi ikaingia katika sheria za nchi. Wazee waliokumbuka lile tusi la zamani walimshukuru Mwenyezi Mungu.

MJI UNAPOKUA

Lakini mji nao haukusimama. Hesabu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba Kigali ina watu zaidi ya milioni 1.1, hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya milioni 1.7. Watu hao wote wanataka mahali pa kulala, na kila mwenye uwezo anataka kulala karibu na katikati ya mji. Biryogo, ambayo zamani ilikuwa pembezoni walikowekwa watu wasiotakiwa, leo iko hatua chache kutoka katika mabenki na maduka makubwa. Mtaa wenyewe haukusogea. Mji ndio ulioufuata.

Serikali ilipitisha mpango mkuu wa mji mwaka 2008, ikaupanua mwaka 2013, na kuurekebisha tena mwaka 2020. Mpango huo hutaja kila eneo lifanyiwe nini na lijengwe jengo la namna gani. Watu wa Biryogo waliyaona yaliyowapata wengine. Sehemu ya chini ya Kiyovu, iliyoitwa Kiyovu ya maskini, ilivunjwa, na baadhi ya watu wake wakahamishiwa Batsinda. Kimicanga ikavunjwa mwaka 2012. Huko Kangondo na Kibiraro wenyeji walipewa nyumba za ghorofa Busanza badala ya fidia ya fedha. Wengi hawakuridhika, kesi zikafika mahakamani, na mwaka 2022 nyumba zilizosalia zikavunjwa. Kila habari kama hizo zilipofika, barazani pa Biryogo paliulizwa swali moja: zamu yetu lini?

Kwa kweli Biryogo haikupata tingatinga. Ilipata mambo mema. Mpango wa kutengeneza mitaa uliopitishwa mwaka 2016 kwa fedha za Benki ya Dunia uliingia Agatare, Biryogo, Kiyovu na Rwampara, ukaleta barabara, njia za miguu, mifereji ya maji ya mvua na taa. Mama aliyekuwa akivuka matope na mtoto mgongoni sasa hupita pakavu. Mwaka 2021, wakati wa maradhi ya Korona, baadhi ya njia za Biryogo zilifungwa zisipitiwe na magari, zikapakwa rangi, na wenye mikahawa wakaruhusiwa kuweka viti na meza nje. Tangu hapo watu hutoka kila upande wa mji, na wageni wa nchi za mbali pia, kuja kunywa chai ya tangawizi na chai ya nana na kula mishikaki. Mtaa uliokuwa ukiepukwa ukawa mtaa unaotembelewa.

Neema hiyo ina mkia wake. Njia ikitengenezwa, kiwanja kilicho kando yake hupanda bei. Baina ya mwaka 2009 na 2013 viwanja vya nchi nzima viliandikishwa, na kila mwenye ardhi akapewa hati. Hati hiyo ni ulinzi kwa mnyonge, kwa maana haki yake haipotei kwa maneno tu. Lakini ni hati hiyohiyo inayorahisisha kuuza, na mnunuzi mwenye fedha hakawii kubisha hodi. Kodi ya ardhi nayo ilipandishwa kwa sheria ya mwaka 2018, ikaweza kufika faranga 300 kwa mita moja ya mraba. Watu wakalalamika, na sheria ya mwaka 2023 ikaishusha isizidi faranga 80. Na anayetaka kujenga upya nyumba ya mzee wake iliyochakaa hukuta kwamba kanuni zinadai jengo ambalo mfuko wake hauliwezi.

YALIYOMO MIOYONI

Watu wa mtaa hawalioni jambo hili kwa jicho moja. Mwenye mkahawa anafurahi, na ana haki ya kufurahi, maana meza zake zimejaa na vijana wake wamepata kazi. Mwenye nyumba ana furaha yenye shaka: mali yake imekuwa kubwa, lakini hawezi kuila bila ya kuiuza, na akiiuza hataweza kununua nyingine papo hapo. Mpangaji hana furaha yoyote, kwa kuwa kila rangi mpya ukutani kwake humaanisha kodi mpya mwisho wa mwezi. Yeye ndiye wa kwanza kuondoka, na kuondoka kwake hakuandikwi popote. Asubuhi moja godoro na masufuria hupakiwa garini, na chumba hupata mtu mwingine.

Wazee wana huzuni ya namna nyingine. Hawachukii taa wala mifereji. Kinachowasumbua ni kupita katika njia waliyozaliwa na kukuta watu wasiojibu salamu, si kwa ubaya, bali kwa kuwa hawakuzoea kusalimiwa na wasiowajua. Mgeni wa mkahawa hula, hupiga picha, na hurudi kwake. Hajui nani ni mgonjwa katika nyumba iliyo nyuma ya kiti chake.

Vijana nao huwajibu wazee kwamba hayo ni maneno ya wasiopenda maendeleo. Je, husema, mlitaka tuishi katika tope ili mpate kusalimiwa? Maneno hayo si ya kudharauliwa. Umaskini si urithi wa kuhifadhiwa, wala hakuna thawabu katika nyumba inayovuja.

Walioondoka wamekwenda wapi? Wengine wamepanda juu zaidi Nyamirambo. Wengine wamevuka mto Nyabarongo, wakajenga Ruyenzi upande wa Kamonyi, au Nyamata upande wa Bugesera. Huko wamepata nafasi ya bustani na hewa, na wengi wao hawajutii. Zamani mtu wa Biryogo alihitaji idhini ili atoke. Leo anahitaji fedha ili abaki. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna mtawala wa kigeni wa kulaumiwa. Nyumba hutoka mikononi mwa watu moja baada ya moja, kwa hiari, mbele ya mashahidi, na kila muuzaji ana udhuru wake mzuri.

MLANGO UNAOSAHAULIWA

Mlango unaotoa nyumba nyingi kimyakimya ni mirathi. Mzee hufa, huacha nyumba ya vyumba vitatu na warithi wanane. Sheria ya Mwenyezi Mungu imempa kila mmoja fungu lake, na hakuna wa kulipunguza. Vyumba vitatu havigawanyiki kwa watu wanane, basi hukubaliana kuuza kwa atakayetoa zaidi. Kila mmoja hupata fedha zinazokwisha kabla ya mwaka, na nyumba iliyosomewa maulidi kwa miaka arobaini huwa ya mtu asiyejua jina la aliyeijenga.

Wanavyuoni hawakuacha jambo hili bila ya mwongozo. Katika fikihi upo mlango wa shufaa, nao humpa mshirika haki ya kulichukua fungu la mwenziwe kwa bei ileile aliyotoa mgeni. Katika madhehebu ya Imamu Shafii haki hiyo ni ya mshirika peke yake, kwa masharti yaliyotajwa vitabuni; katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa hata jirani anayo. Mahakama za nchi zina sheria zake, na hakuna anayetakiwa kuzivunja. Lakini adabu haihitaji hakimu. Anayetaka kuuza anaweza kumwambia kwanza nduguye, kisha jirani yake, kisha jumuiya, kabla ya kumwita dalali. Mtume (s.a.w.) alihimiza hivyo kwa washirika, na aliusiwa mno juu ya jirani, hata akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi.

Mlango wa pili ni wakfu. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi ya Khaibar aliyoipenda, alimwendea Mtume kutaka shauri, akaelekezwa aizuie asili yake na ayatoe matunda yake sadaka. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Watu kumi wakichangia kununua fungu la mrithi mmoja na kuliweka wakfu, chumba kimoja kitabaki kwa mjane, au kwa mwalimu wa chuo, au kwa kijana anayeanza maisha. Chumba kimoja ni kidogo, lakini Biryogo yote ilianza kwa vyumba.

Na wenye mamlaka nao wana mfano mbele yao. Mtume alipofika Madina, kiwanja cha msikiti kilikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Alipewa bure, akakataa ila kwa thamani yake. Ikiwa ardhi ya msikiti wa Mtume ililipiwa, basi hakuna kazi ya hapa duniani iliyo tukufu hata ardhi ya mnyonge ichukuliwe kwa bei duni. Tena katika Kigali hiyohiyo, kwenye bonde la Mpazi, wenye viwanja wamejengewa nyumba za ghorofa papo hapo mtaani kwao, badala ya kupelekwa mbali. Hilo laonyesha kwamba nyumba yaweza kupanda juu bila ya majirani kutawanyika. Kinachotakiwa ni watu waulizwe kabla ya ramani kuchorwa, si baada yake.

HATIMA

Huenda siku moja Biryogo isibakie na ukuta hata mmoja wa matofali mabichi. Hilo halitakuwa msiba. Kuta za Masjid al-Fatah si za mwaka 1913 zote, na sala iliyomo ni ileile. Msiba utakuwa ikiwa mlango utagongwa tena usiku, na aliyemo ndani asimjue aliyeko nje.

Ama wale waliokwisha kuhama, wasidhani kwamba wametoka katika habari hizi. Bani Salima walikaa mbali na msikiti wa Mtume, wakataka kuhamia karibu. Mtume akawataka wabaki katika majumba yao, kwa maana nyayo zao za kuja msikitini zinaandikwa. Kila Ijumaa wapo watu wanaoshuka kwenye mabasi kutoka ng'ambo ya Nyabarongo, wakaiendea njia waliyoizoea tangu utotoni, wakawasalimu waliokaa kwenye viti vya mikahawa, ingawa hawawajui, kisha wakaingia msikitini. Na baadhi ya wale waliokaa sasa wamekwisha jifunza kuitikia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape walio hai akili ya kushauriana kabla ya kuuza, na aujaalie mtaa ule ubaki nyumba ya majirani, wawe wa zamani au wapya. Amin.